Casino Royale (2006) na wahakiki wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu filamu ya James Bond iliyotoka Novemba 2006, ya kwanza kwa Daniel Craig. Kama hujaitazama, ujue mapema: hapa mtama umemwagwa wote, pamoja na nani anakufa.

Kwa ufupi, wahakiki waliipokeaje?

Vizuri sana, na wengi wao walishangaa kujikuta wakiisifu. Kati ya tovuti zinazokusanya tahakiki, Rotten Tomatoes inaipa asilimia 94, Metacritic inaipa 80 kwa 100. Roger Ebert, mhakiki wa Chicago aliyesomwa kuliko karibu wenzake wote, aliipa nyota nne, na kwake nyota nne ndizo zote. Lakini ukiziacha namba ukasoma tahakiki zenyewe, utakuta jambo moja tu ambalo karibu wote walikubaliana: huyu Bond anaumia. Kwa mengine walivutana.

Kama ilikuwa nzuri hivyo, mbona ilitukanwa kabla haijatoka?

Kwa sababu ya nywele. Tunatania, lakini si sana.

Craig alitangazwa Oktoba 2005 mjini London. Walimleta kwa boti ya kijeshi juu ya mto Thames, akiwa amevalia suti na jaketi la kujiokolea juu yake. Magazeti ya udaku ya Uingereza yalilishika lile jaketi hayakuliachia. Jasusi gani huyo anayeogopa maji? Baada ya hapo zikaja nywele zake za rangi ya dhahabu, kimo chake, sura yake iliyosemwa kuwa ni ya bondia na si ya bwana anayejua kuvaa. Mashabiki wakafungua tovuti ya kumpinga kwa jina, wakitishia kususia filamu. Haya yote yalitokea wakati hakuna hata dakika moja iliyokuwa imeonyeshwa.

Wahakiki hawakujiunga na kelele hizo moja kwa moja, lakini nao waliingia ukumbini wakiwa na wasiwasi, na hilo lazima ulikumbuke unapozisoma sifa zao. Mtu aliyetarajia chakula kibovu akapewa kizuri husifu mara mbili. Sehemu ya shangwe ya 2006 ilikuwa ni ahueni.

Asilimia 94 maana yake filamu imepata 94 kwa 100?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote.

Rotten Tomatoes haikokotoi wastani wa alama. Inagawa tahakiki mafungu mawili, zilizopenda na zisizopenda, halafu inakuambia zilizopenda ni asilimia ngapi. Chukua wahakiki mia, kila mmoja aseme filamu ni ya wastani mzuri, tatu kwa tano: filamu hiyo itapata asilimia 100. Chukua nyingine ambayo wahakiki 70 wameililia kwa furaha na 30 wameichukia: itapata 70. Ipi bora? Namba haisemi.

Metacritic inafanya kazi nyingine. Inageuza kila tahakiki kuwa alama kati ya 0 na 100, inayapa baadhi ya magazeti uzito kuliko mengine, kisha inatafuta wastani. Ndiyo maana 80 ya Casino Royale inatuambia zaidi kuliko 94: kwamba waliopenda hawakupenda kidogo tu. Filamu za mapigano na ujasusi hazifiki 80 kirahisi.

CinemaScore ni kitu cha tatu. Hawa hawaulizi wahakiki kabisa. Wanawahoji watazamaji wa kawaida wa Marekani na Canada usiku wa kwanza, wakiwa ndio wanatoka ukumbini, na daraja la herufi linalotoka hapo hupima zaidi kama filamu imempa mtu alichokuja kununua. Ukiona mtu amezichanganya hizi tatu katika sentensi moja, punguza mwendo.

Ilisifiwa kwa nini hasa?

Lazima turudi 2002. Filamu ya Bond iliyotangulia, Die Another Day, ilikuwa na gari lisiloonekana kwa macho na tukio la Bond akiteleza juu ya wimbi kubwa lililochorwa kwa kompyuta, tena vibaya. Ilipata pesa nyingi. Lakini wahakiki wengi, na baadaye hata watayarishaji wenyewe, waliona gari limefika ukingoni. Barbara Broccoli na Michael G. Wilson wakaamua kurudi kwenye riwaya ya kwanza kabisa ya Ian Fleming, ya 1953, na kumrudisha Martin Campbell, yule yule aliyemzindua Pierce Brosnan katika GoldenEye mwaka 1995.

Wahakiki waliyaona mabadiliko tangu dakika ya kwanza. Filamu inaanza kwa rangi nyeusi na nyeupe, Prague, Bond akiwa bado hajapata leseni ya kuua. Anahitaji kuua watu wawili. Wa kwanza anamuua chooni kwa shida, masinki yanavunjika, maji yanamwagika, na si jambo la kupendeza kulitazama. Wa pili ni mwepesi. Filamu inakuambia hapo hapo kwamba ule wepesi ndio wa kutisha.

Kisha kuna ile mbio ya Madagascar, ambayo karibu kila tahakiki iliitaja. Anayefukuzwa anachezwa na Sébastien Foucan, mmoja wa waasisi wa mchezo wa kukimbia na kuruka majengo. Yeye anapita kwenye tundu dogo juu ya ukuta kama paka. Bond anafika pale pale na kuupasua ukuta mzima kwa bega. Hakuna maneno, na tayari umeshamjua mtu huyu: ana nguvu, hana subira, na atafika hata kama hajui njia. Wahakiki wanapenda sana mapigano yanayofanya kazi ya kueleza tabia, kwa sababu ni adimu. Mara nyingi hadithi husimama kando mpaka ngumi ziishe.

Lakini lililowagusa zaidi ni dogo. Baada ya kuua watu wawili kwenye ngazi za hoteli, Bond anarudi chumbani, anaosha damu, anameza pombe na kujitazama kwenye kioo. Baadaye anamkuta Vesper (Eva Green), mwanamke wa hazina ya serikali aliye naye kwenye kazi hii, ameketi chini ya bomba la mvua akiwa na nguo zake, anatetemeka. Anakwenda kukaa naye humo humo, akiwa na shati lake. Katika filamu 20 zilizotangulia, maiti zilikuwa ni kitu cha kufanyia utani. Hapa ghafla zina uzito, na uzito huo unambebesha mwanamke ambaye hakuzoea. Ukimuuliza mtu kwa nini filamu hii inakumbukwa, atataja gari au karata. Mwache aendelee kuzungumza, atafika kwenye lile bomba la maji.

Eva Green alipata sifa zake au alifunikwa na Craig?

Alizipata. Wengi waliandika kwamba bila Vesper kufa Venice kusingekuwa na filamu, na ni kweli: mazungumzo yao kwenye treni, wakichambuana tabia kama watu wanaocheza karata kabla ya kufika kwenye meza ya karata, yalitajwa karibu sawa na mbio ya Madagascar. Katika BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, alipewa pia ile ya nyota anayechipukia, ambayo hupigiwa kura na umma.

Mads Mikkelsen naye, akiwa Le Chiffre, alisifiwa kwa kuwa mwovu mwenye hofu. Hataki kuitawala dunia. Amepoteza pesa za watu wabaya na anataka kuzirudisha kwa mchezo wa karata, Bond akiwa mezani dhidi yake, kabla hawajamuua. Ukimwelewa adui, hadithi inakaa sawa.

Walilalamikia nini?

Urefu, kwanza kabisa. Dakika 144, ndefu kuliko filamu yoyote ya Bond iliyokuwa imetoka mpaka wakati huo. Hoja yenyewe haikuwa dakika, bali zilikokaa. Mchezo wa karata umekwisha, adui ameshakufa, wapenzi wako ufukweni, na mtazamaji anaanza kutafuta viatu vyake gizani. Halafu filamu inaendelea kwa nusu saa nyingine, na kumalizia na nyumba nzima inayozama Venice. Wapo walioona kwamba huo ndio moyo wa hadithi, na wapo walioona ni mwisho wa pili ulioshonwa baada ya mwisho wa kwanza. Sisi tuko katikati: usaliti wa Vesper ni wa lazima, nyumba inayozama si ya lazima. Maumivu yale yangetosha chumba kimoja na barua moja.

Pili, matangazo ya kificho, ambayo hayakufichwa vya kutosha. Sony ilikuwa na mkono katika filamu hii, basi kila simu inayoshikwa ni ya Sony Ericsson na kamera inaisogelea uikague. Kwenye treni Vesper anaitazama saa ya Bond na kuuliza kama ni Rolex. Anajibiwa ni Omega. Mazungumzo mazuri kuliko yote ya filamu, na katikati yake kuna bango la biashara. Wahakiki wa Uingereza hasa walilicheka hilo.

Tatu, mtu kuelezewa sheria. Katika riwaya mchezo ni bakara; filamu ikaweka poka ya aina ya Texas, iliyokuwa imeshika kasi miaka hiyo. Kwa hiyo mara kwa mara Mathis, mshirika wao, anamgeukia Vesper na kumwambia kilichotokea mezani, ingawa Vesper ni mtu wa hazina ya serikali na bila shaka anajua kuhesabu. Anayeelezewa ni wewe.

Na wapo walalamikaji wa upande wa pili, wale wapenzi wa zamani. Q, yule mtengeneza vifaa, hayupo; Moneypenny, katibu wa bosi wa Bond, hayupo; vifaa vya ajabu havipo. Bond akiulizwa kama kinywaji kitikiswe au kikorogwe, anajibu kwamba hajali. Kwa mtu aliyekua na jibu lile, hiyo ilikuwa kama kusikia wimbo wa taifa umebadilishwa maneno.

Ule mkono wa mwisho wa poka unawezekana?

Unawezekana kama radi kupiga mti mmoja mara nne jioni moja inavyowezekana. Wanne wamebaki, na kila mmoja ameshika kitu ambacho mchezaji wa kawaida angekisimulia mwaka mzima. Wa kwanza ana shupaza tupu. Wa pili ana nane tatu na ree mbili. Le Chiffre ana ree tatu na sita mbili. Bond ana shupaza tano zinazofuatana, nne mpaka nane. Mezani kuna zaidi ya dola milioni 100.

Wachezaji wa poka wamelicheka tukio hili tangu siku ya kwanza. Wahakiki wa filamu wengi waliliacha lipite, kwa hoja kwamba filamu nzima imesisitiza kuwa poka ni kumsoma mtu, si karata. Lakini hoja hiyo inageuka kuwauma wenyewe: kama ni kumsoma mtu, kwa nini Bond ashinde kwa kupangiwa karata nzuri kuliko za wote? Angeshinda akiwa na jozi ya saba, tungemheshimu zaidi.

Ni kweli iliiga filamu za Bourne?

Iliathirika nazo, ndiyo. Filamu ya kwanza ya Jason Bourne, jasusi mwingine wa sinema, ilitoka 2002, mwaka ule ule wa gari lisiloonekana, na tofauti ilikuwa ya aibu kwa Bond. Karibu kila mhakiki wa 2006 alifanya ulinganisho huo.

Ila tazama kamera. Paul Greengrass, aliyeongoza Bourne ya pili mwaka 2004, alitikisa kamera na kukata picha haraka mpaka ujihisi uko ndani ya vurugu. Campbell hakufanya hivyo. Kwake unaona nani yuko wapi, anaruka kutoka wapi, ataangukia wapi. Alichochukua Bond kutoka kwa Bourne ni michubuko, si mtikisiko. Ushahidi uko kwenye filamu iliyofuata, Quantum of Solace ya 2008: hapo walimwajiri kabisa Dan Bradley, aliyesimamia matukio ya hatari katika filamu za Bourne, wakakata picha kama wanakatakata mboga, na malalamiko makubwa ya wahakiki yakawa kwamba haieleweki nani anampiga nani.

Na Afrika iliyomo ndani yake? Wahakiki walisema nini?

Walisema kidogo mno, na sisi tunadhani ni pengo.

Mapema kabisa filamu inaandika kwenye kioo "Mbale, Uganda", na unachokiona ni kambi ya waasi msituni, mvua, watoto wenye bunduki na kamanda anayetafuta pa kuweka pesa. Mbale halisi ni mji wa biashara chini ya mlima Elgon, mashariki ya nchi, wenye maduka na shule. Vita ya waasi iliyojulikana wakati huo ilikuwa hasa kaskazini. Anayeijua ramani aliguna. Madagascar nayo ilipigiwa picha Bahamas, na ubalozi unaovamiwa ni wa nchi iitwayo Nambutu, ambayo haipo.

Isaach de Bankolé, mzaliwa wa Abidjan, anamcheza kamanda Obanno kwa utulivu unaomzidi muswada wake. Ana matukio machache na anauawa kwenye zile ngazi za hoteli. Filamu inamlilia Vesper kwa kuona kifo hicho. Obanno mwenyewe hana wa kumlilia. Tahakiki nyingi za magazeti makubwa zilimtaja kwa neno moja au hazikumtaja. Si kwamba filamu inamtukana mtu kwa makusudi. Ni kwamba ilijivunia kuvunja mazoea yote ya Bond, na hili la bara zima kuwa mahali pa kuuzia bunduki haikuligusa.

Tena kuna sadfa hapa. Craig aliteuliwa kuwania BAFTA ya mwigizaji bora wa kiume, wa kwanza kuteuliwa kwa kumcheza Bond. Akashindwa na Forest Whitaker, kwa kumcheza Idi Amin katika filamu iliyopigwa Uganda kwenyewe.

Tukio la mateso lilipunguzwa?

Uingereza ndiyo. Bodi ya huko ya kupanga madaraja ya filamu ilitaka ukatili upunguzwe ili vijana wa chini ya miaka 15 waruhusiwe kuingia. Tukio lenyewe limetoka kwenye riwaya, na wahakiki waligawanyika: wengine waliona Craig akicheka huku anateswa ndiyo saa aliyokuwa Bond kweli, wengine waliona filamu inafurahia kupita kiasi.

Ilipata tuzo gani nyingine? Oscar je?

Oscar haikuteuliwa hata mara moja. BAFTA iliteuliwa mara tisa na kushinda ya sauti.

Watazamaji walikubaliana na wahakiki?

Safari hii ndiyo. Wiki ya kwanza Marekani ilishika nafasi ya pili, nyuma ya Happy Feet, filamu ya vikaragosi ya pengwini wanaocheza dansi, na tofauti haikufika dola milioni moja.  Lakini watu waliendelea kuingia wiki baada ya wiki, wakiambiana, mpaka ikafika karibu dola milioni 600 dunia nzima, rekodi ya Bond mpaka Skyfall ilipoivunja mwaka 2012. Januari 2007 ikawa filamu ya kwanza ya Bond kuruhusiwa rasmi katika kumbi za China.

Usichukue hilo kama sheria. Mission: Impossible 2 iliongoza dunia nzima kwa mapato mwaka 2000 huku wahakiki wakiipokea kwa mikono iliyolegea.

Kuna Casino Royale nyingine. Nisije nikasoma tahakiki za siyo?

Zipo mbili. Moja ya televisheni ya Marekani, 1954, Barry Nelson akiwa Bond. Nyingine ya 1967, ya vichekesho, yenye David Niven na Peter Sellers, iliyopitia mikononi mwa waongozaji kadhaa na inaonyesha hivyo. Ukikuta mhakiki analalamika kwamba haieleweki chochote, angalia mwaka.

Sifa zake zimedumu?

Zimepanda. Mwanzoni ilisifiwa kama ukarabati uliofanikiwa. Siku hizi watu wakizipanga filamu za Bond, hii haikosi kwenye tano za juu na mara nyingi ndiyo ya kwanza. Sehemu ya sababu ni zilizofuata. Quantum of Solace ilikumbwa na mgomo wa waandishi wa Hollywood wa 2007 na 2008, ikapigwa picha na muswada usiokamilika, na Ebert aliyetoa nyota nne akatoa mbili. Skyfall iliipandisha tena, ikapata Oscar mbili. Spectre ya 2015 ikaanza kuunganisha kila jambo lililowahi kumpata Bond kuwa njama ya mtu mmoja, na hapo ndipo watu walipoanza kuitamani ile hadithi ya 2006 ambamo mwovu alikuwa na deni tu.

Nahitaji kutazama zilizotangulia kwanza?

Huhitaji. Hadithi inaanza upya, ingawa Judi Dench amebaki kuwa M, bosi wa Bond, tangu 1995 na hakuna aliyejisumbua kueleza kwa nini. Ukimaliza, Quantum of Solace inaanza muda mfupi tu baada ya picha ya mwisho ya hii, kwa hiyo zitazame kwa kufuatana kama una saa nne za kukaa.